Safari ya Barafu na Hati ya Matulo

Pale Matulo, mtu akikataa kudanganywa, watu husema huyo amelelewa na Phelista. Si kwamba Phelista Nangila alisoma sana. Aliachia darasa la saba kule Misikhu, akaolewa akiwa na miaka kumi na tisa. Lakini mama huyu hanunui ng'ombe kabla ya kumkamua yeye mwenyewe, hanunui mbegu ya mahindi mpaka pakiti ifunguliwe mbele ya macho yake, na hata sadaka akishaitoa kanisani husubiri aone imeingia mfuko gani. Akichekwa hujibu kwa upole: "Bwana alimruhusu Tomaso aguse. Mimi ni nani nisiguse?"

Hakuzaliwa hivyo. Mume wake, Mukhisa, alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Kazi iliposimama, mafundi waliambiwa wakae nyumbani, wataitwa mwezi ujao. Mukhisa akakaa. Kila Jumapili jioni alipiga pasi ovaroli yake, miaka nenda miaka rudi, mpaka mwaka wa 2011 mauti yakamkuta bado anangoja kuitwa. Phelista alibaki na watoto wawili, ekari tatu za shamba, na uamuzi mmoja: neno la mtu, hata likiwa tamu namna gani, kwanza lianikwe juani likauke.

Ekari hizo tatu ndizo zilizomsomeshea watoto. Rispah, mkubwa, akawa mwalimu na kuolewa Kitale. Sifuna, kitindamimba, akasomea upishi, akazunguka mahoteli, na mwisho akapata kazi ya kupika ndani ya meli kubwa ya watalii huko Amerika, meli inayopanda kaskazini mpaka Alaska kila kiangazi cha huko, watu wakaone milima ya barafu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Sifuna akapiga simu.

"Mama, kampuni imeniruhusu kuleta familia. Wewe, Rispah na bwana yake, binti yao Joy, na hata mama mkwe wake, Mama Muchiri wa Kitale. Vizazi vitatu ndani ya meli moja. Siku nane, Mama."

"Tukaone nini?"

"Barafu. Mlima mzima wa barafu unavunjika unaanguka kwa bahari."

"Kwani imefanya nini hiyo barafu mpaka itembelewe?"

Sifuna alicheka. "Inaisha, Mama. Kila mwaka inarudi nyuma. Nataka uione."

Phelista aliweka simu juu ya meza akaitazama. Mtoto amefanya kazi miaka sita, hajakuja nyumbani ila mara mbili, na sasa anataka kumtoa mama yake Matulo, yeye na dada na mkwe na mjukuu, nyumba ibaki na kufuli tu. Alimshukuru Mungu kwa mtoto anayekumbuka wazazi. Lakini hata akiwa bado katika maombi, kitu kilimkuna moyoni: mtu hutolewa nyumbani kwa sababu.

Wiki mbili baadaye Rispah alikuja kutoka Kitale na orodha ya vitu vya kuombea viza. Picha ndogo, kitambulisho, barua ya mchungaji, picha ya nyumba na ng'ombe. Phelista alikuwa akichambua maharagwe, akiitikia kila kimoja kwa kichwa.

"Na hati ya shamba," Rispah akamalizia.

Mkono wa Phelista ukasimama ndani ya ungo. "Hati ya nini?"

"Ya shamba, Mama. Wale wa ubalozi wanataka kuona kama una kitu ya kukurudisha nyumbani. Ukienda mikono mitupu watasema unataka kubaki huko."

"Nibaki kwa barafu?"

"Si mimi nimesema, ni wao. Muchiri ndiye anapanga hayo makaratasi yote. Nipatie niende nayo nitoe kopi, Ijumaa nakurudishia."

Rispah aliyasema hayo akiangalia mlango, haangalii mama yake. Phelista aliliona hilo. Alimlea mtoto huyu. Alijua shingo yake inavyogeuka kukiwa na jambo nyuma ya jambo.

"Sikumbuki nimeiweka wapi," akasema. "Nitaitafuta."

Alikumbuka vizuri sana. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya koti la Mukhisa. Rispah alipoondoka, Phelista aliitoa, akaifunga kwa nailoni, akaizika katikati ya gunia la maharagwe ya mbegu.

Sasa lazima niseme juu ya Muchiri, maana bila yeye mambo haya hayaeleweki. Muchiri ni mtu wa Kitale. Babu yake alitoka Ukikuyuni akaja kulima Trans-Nzoia, na familia imekaa hapo mpaka sasa. Yeye mwenyewe ana duka la dawa za mifugo. Ni mume wa Rispah kwa miaka ishirini na mmoja, na kwa miaka hiyo yote Phelista hajawahi kumsalimia kwa mkono. Kwa Wabukusu, watu wa Phelista, mama mkwe na mkwe wa kiume ni heshima tupu. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawaketi kiti kimoja, na hawalali chini ya paa moja hata mvua inyeshe mawe. Neno likiwepo, hupitia kwa mtu wa tatu. Siku ya kwanza Muchiri alipoletwa Matulo, hakujua. Alinyoosha mkono kama kijana mwenye adabu, na Phelista akakimbilia nyuma ya jiko na kuacha sufuria ya uji ikimwagika. Muchiri alijifunza siku hiyo hiyo. Tangu hapo, akija, huketi chini ya kivuli nje, na Phelista humjua kwa sauti yake upande wa pili wa ukuta na kwa viatu vyake vya kahawia mlangoni.

Heshima ni kitu kizuri. Lakini mtu unayemjua kwa viatu, ni vigumu kumpa hati.

Jumapili baada ya ibada, Phelista alimweleza Rahab. Hawa wawili huimba sauti moja katika kwaya ya akina mama na hushauriana juu ya kila kitu.

"Meli?" Rahab akauliza.

"Meli."

"Na wanataka hati."

"Kopi, wanasema."

Rahab alikunja kitambaa chake. "Mimi sitaki kukuweka maneno moyoni. Lakini kuna yule mama wa huko kwa kina dada yangu. Watoto walimpeleka Mombasa wiki moja, akaone bahari, akafurahi, akapigwa picha akivaa kofia. Kurudi, amekuta vigingi vya kupima shamba mpaka karibu na choo."

"Yesu."

"Sikuweki maneno."

"Hujaniweka. Nilikuwa nayo tayari."

Siku ya soko Phelista alipeleka ndizi Kamukuywa kama kawaida. Karibu naye huuza Kibiwott, mzee wa viazi anayezunguka masoko yote, leo Kamukuywa, kesho Bumula, na hubeba habari pamoja na magunia. Alimsalimia, akanunua ndizi mbili, akaanza kumenya moja.

"Mama Sifuna, mko na sherehe gani huko Bumula?"

"Sherehe?"

"Si nimeona mkwe wako kwa Mzee Makokha? Ameshukisha kondoo kwa gari, dume kubwa. Wazee wanne wameketi hapo nje wakiongea kama wabunge."

Makokha ni kaka ya marehemu Mukhisa, aliyehamia Bumula zamani lakini bado ndiye mkubwa wa ukoo.

"Siku gani hiyo?" Phelista aliuliza, sauti ikiwa pale pale.

"Jumatano."

Jumatano. Jumatano hiyo alikuwa amepiga simu Kitale, na Rispah akamwambia Muchiri ameenda Eldoret kuleta dawa za ng'ombe. Phelista aliendelea kupanga ndizi zake, kubwa mbele, ndogo nyuma, lakini kichwani alikuwa akipanga vitu vingine. Mkwe kwenda kwa ukoo bila yeye. Wazee wanne. Kondoo. Hati. Na binti yake wa kumzaa akisema uongo bila kukohoa.

Alifunga biashara mapema na kumpigia Makokha.

"Shemeji, habari ya Bumula? Nasikia ulikuwa na wageni."

"Nani amekuambia?"

"Soko."

"Shemeji, hayo si maneno ya simu. Ni maneno ya kuja kusema nikiwa nimesimama kwako. Huu mguu wangu mgonjwa ukinipa nafasi, nitakuja."

"Ni maneno ya shamba?"

"Nimesema si ya simu."

Kwa siku tatu Phelista aliomba na maombi yakamshinda. Kila akifika pale pa kusamehe waliotukosea, akili iliruka hadi kwenye gunia la maharagwe. Siku ya nne aliamka akaitoa hati, akaifunga kwa leso, akaizungushia kiunoni chini ya gauni, akamwachia Rahab funguo na ng'ombe, akaenda Kitale. Kama kuna shimo, afadhali alione kabla ya kutumbukia.

Akifika Kitale, haendi nyumbani kwa Rispah, kwa sababu nyumba hiyo ni ya mkwe. Hufikia kwa Wacuka, mama yake Muchiri, anayekaa boma la pili tu kutoka hapo. Wacuka ana miaka sabini na mbili, mwili mkubwa, kicheko kikubwa, na tangu safari itajwe alikuwa amefuma masweta sita. Yalikuwa yamepangwa kwenye kochi kama watoto wanaongoja kupigwa picha.

"Mama Rispah, karibu. Angalia, hii ya bluu ni yako. Mimi nimetayarisha masweta, wewe naona umetayarisha uso wa korti."

"Bwana asifiwe, Mama Muchiri."

"Asifiwe sana. Keti. Unaumwa kiuno? Unatembea kama umefunga jiwe."

Phelista aliketi kwenye ukingo wa kiti, hati ikimchoma mbavu. Chai ililetwa. Hakuigusa.

"Mama Muchiri, mimi na wewe tumezeeka pamoja. Hatujawahi kukoseana. Kijana yako alienda Bumula kufanya nini?"

Kicheko cha Wacuka kikafa. Alichukua kikombe chake, akakirudisha. "Hiyo usiniulize."

"Kwa hivyo unajua."

"Nimeambiwa nifunge mdomo. Na wewe unajua vile kufunga mdomo inaniumiza. Niulize kitu kingine, hata umri wangu wa kweli nitakuambia."

Mpaka Wacuka. Kila mtu alijua isipokuwa yule mwenye shamba. Aliondoa kikombe mbele yake taratibu.

"Mwite," akasema.

"Nani?"

"Muchiri. Aje asimame nje hapo kwa veranda. Mimi nitakuwa ndani, pazia iteremshwe. Joy akae mlangoni."

Wacuka akajiinua. "Leo ni leo," akajiambia, akatoka.

Joy ni binti ya Rispah, ana miaka kumi na tisa, anangoja kujiunga na chuo; Phelista humwita Kukhu, yaani nyanya, na marehemu Mukhisa humwita Kuka, yaani babu. Aliwekwa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Rispah alikuja pia, akasimama karibu na jiko akiwa amekunja mikono. Kwenye veranda viatu vya kahawia vikasimama. Kati ya viatu hivyo na kiti cha Phelista hapakuwa na hatua nne.

"Joy," Phelista akasema, "muulize baba yako alienda Bumula kuuza nini."

"Baba, Kukhu anauliza ulienda Bumula kuuza nini."

"Nimesikia. Mwambie Kukhu—"

"Ongea na mimi, Baba. Ukisema mwambie, halafu unapaza sauti, mimi niko hapa ya nini?"

"Mwambie sikuuza. Na mwambie sitakiwi kusema. Mzee Makokha ndiye anatakiwa."

"Kukhu, anasema—"

"Mwambie basi hati hataiona mpaka mimi nikiwa kaburini. Na hiyo meli waende bila mimi."

Rispah akaanza kulia polepole pale karibu na jiko. Wacuka ndiye aliyeshindwa. "Sema, Muchiri," akaita. "Kama imeharibika, iharibikie hapa, si kwa moyo wa mtu."

Maneno yakamtoka Muchiri, Joy akiyarudia nyuma yake nusu nusu, mpaka akachoka akabaki kuitikia kwa kichwa tu.

Sifuna alikuwa ametuma kwenye simu mchoro wa vyumba vya meli. Familia za wafanyakazi huwekwa pamoja. Chumba cha Phelista, Wacuka na Joy kilikuwa ubavuni mwa chumba cha Rispah na Muchiri. Ukuta kati yao mwembamba kama karatasi ya boksi, na kwenye ukuta huo kuna mlango. Siku nane. Kula ni ukumbi mmoja. Paa ni moja, tena la chuma. Muchiri aliliona hilo kabla ya wengine, akakosa raha. Mtu amemheshimu mama mkwe miaka ishirini na mmoja, sasa amlaze chini ya paa lake baharini kama mzigo? Ndipo akaenda Bumula kuwauliza wazee: meli ni nyumba, au ni mtaa?

"Waligombana mchana mzima," Muchiri alisema. "Mmoja anasema meli ya watu elfu mbili ni kama soko la Kamukuywa, hakuna mwenye paa. Mwingine anasema kama mlango wa kuingilia ni mmoja, hiyo ni nyumba, hata ikielea. Wa tatu akauliza kama mimi naweza lala nje."

"Kwa barafu?" Wacuka akasema.

"Kwa barafu. Nikasema naweza jaribu."

Mwisho wazee walikata shauri. Kondoo aliwe Bumula. Halafu Makokha apeleke Matulo blanketi la mkwe, zawadi ya kuomba ruhusa, na yeye ndiye afungue maneno. Phelista akilipokea, paa moja halitakuwa dhambi kwa siku hizo nane. Lakini kabla ya hapo mkwe asiseme, wala binti asiseme. Wakisema wao, ni kama kumlazimisha mama. Ndiyo sababu ya Eldoret. Ndiyo sababu ya shingo ya Rispah kugeuka. Wote walikuwa wakingoja mguu wa Makokha.

Phelista aliinamisha kichwa, akamwomba Mungu msamaha kimoyomoyo. Lakini shaka si kuku, ukimfukuza mara moja atoke. Ilienda mpaka mlangoni ikageuka.

"Na hati?" akasema. "Kondoo nimesikia. Hati je?"

"Ni ya ubalozi tu," Muchiri akajibu. "Akitaka, atoe kopi yeye mwenyewe. Mimi nisiishike."

"Basi twende. Sasa hivi."

Wakaenda mjini, Phelista na Joy mbele, Muchiri nyuma hatua ishirini kama askari jela. Waliingia duka la kutoa kopi la msichana mmoja aitwaye Jelimo. Muchiri alibaki kibarazani. Phelista aligeukia ukutani, akafungua leso, akaitoa hati ikiwa na joto la mwili wake. Jelimo alinyoosha mkono aichukue.

"Nitaiweka mwenyewe," Phelista akasema.

Akaiweka kwenye kioo, na hakuiachilia. Kopi ya kwanza ilitoka na vidole vyake vinne vyeusi vikishikilia pembe ya karatasi. Jelimo alimwangalia Joy, Joy akaangalia dari. Ya pili ilitoka safi.

Joy alimpelekea baba yake ile safi. Phelista, kupitia mlango ulio wazi, aliona viatu vya kahawia vikisimama, vikigeuka, vikisimama tena. Muchiri alisoma kwa muda mrefu kuliko karatasi yenyewe. Halafu akamwinamia Joy, akaongea kwa sauti ya chini, akiipigapiga kopi kwa kidole. Joy alirudi uso umebadilika.

"Kukhu, hii haina jina lako."

"Ina jina la Mukhisa. Mimi ni bibi yake, tumefunga harusi kanisani."

"Baba anasema hiyo ndiyo shida. Kuka alipokufa, mliwahi kwenda kortini kwa mambo ya urithi?"

"Makokha alisema nikae tu. Alisema karatasi ikiwa ndani ya nyumba hakuna shida."

Joy aligeuka akamtazama baba yake pale nje, kisha akaendelea taratibu, kama mtu anayetembea na maji. "Anasema mtu yeyote wa ukoo akienda na cheti cha kifo cha Kuka, anaweza kufungua urithi kortini. Aandike watu anaotaka. Wewe ukiwa huna habari, hata usiandikwe. Na hiyo hati uko nayo mkononi haitakusaidia."

Phelista alikaa kwenye benchi la wateja. Miaka kumi na minne. Sanduku, koti, gunia, kiuno. Alikuwa amelinda karatasi kama yai, na kumbe haikuwa imemtaja popote. Alitaka kulia, lakini kwanza akauliza, maana hivyo ndivyo alivyo.

"Muulize baba yako mbona ananiambia. Angenyamaza, nani angejua?"

Joy alienda akarudi.

"Anasema amekaa miaka ishirini na mmoja ukimtazama kama mwizi wa kuku. Anasema amechoka. Kama utaendelea kumtazama, basi shamba liwe lako kweli, ndio ajue anatazamwa kwa kitu iko." Joy akafikiri kidogo. "Na mimi naona ako na haki, Kukhu. Hiyo nimeongeza mimi."

Jioni hiyo kwa Wacuka walimpigia Sifuna simu ya video. Alikuwa amevaa kofia ya mpishi, nyuma yake masufuria makubwa kama matangi ya maji.

"Siji mwaka huu," Phelista akamwambia.

"Mama, nimeomba nafasi miezi saba."

"Omba tena. Ubalozi wanataka kujua niko na nini cha kunirudisha. Na mimi nataka kujua. Nikitoka Matulo, niwe natoka mahali ni pangu."

Sifuna alisugua macho. Meli zingepanda tena mwaka ujao, alisema, na labda ruhusa itasogezwa. "Lakini ile barafu, mwaka ujao itakuwa imerudi nyuma tena."

"Basi tutaifuata pale itakuwa."

Wacuka alikunja masweta yake sita bila neno. Akiwa anakunja ya mwisho akasema, "Mimi sitafuma ingine. Mkichelewa sana, nizikwe na hii."

Barua ya kwanza ya urithi hutoka kwa chifu, na mkubwa wa ukoo lazima awepo. Ilichukua wiki tano kumpata Makokha, mguu wake ukitoa sababu kila Jumatatu, na kila sababu Phelista aliiandika nyuma ya kitabu cha nyimbo, tarehe na maneno. Hakusema anamshuku. Alimwandika tu.

Alipokuja hatimaye, alikuja na fimbo mkononi na blanketi la mkwe kwapani. Ofisi ya chifu ilikuwa chumba kimoja chenye meza na benchi moja. Makokha na Phelista waliketi, mmoja huku, mwingine kule. Rispah na Rahab walisimama. Muchiri alikuwa amewaleta kwa gari, akabaki nje karibu na ua, mgongo akiwapa.

Chifu alichukua kalamu. "Marehemu Mukhisa. Ameacha nani?"

Makokha alikohoa. "Andika kijana kwanza. Sifuna. Halafu kwa niaba ya ukoo—"

"Andika mjane," Phelista akasema. Hakupaza sauti.

Chifu alimtazama mzee. Makokha aliangalia ncha ya fimbo yake. Phelista alihesabu kimya hicho. Alifika kumi na moja. Mpaka leo hajui ndani ya hizo kumi na moja kulikuwa na nini, kama ni mzee kutafuta maneno au ni shamba likitoka mikononi mwa mtu. Amemwachia Mungu, na bado hajamaliza kumwachia.

"Andika mjane," Makokha akasema mwishowe. "Kwanza. Phelista Nangila."

Chifu akaandika. Phelista alimwomba alisome jina lake, akalisoma. Akamwomba alisome tena, herufi kwa herufi.

"Sasa nataka mashahidi wawili," chifu akasema. "Watu wanaojua familia vizuri, na wasiorithi kitu hapa."

Makokha alifungua mdomo kutaja wazee wake wa Bumula. Phelista akamtangulia.

"Andika Muchiri wa Kitale. Yule amesimama nje."

Rispah aligeuka kwa ghafula. Chifu alichungulia dirishani. "Mkwe wako? Na wa pili?"

"Andika Rahab. Huyo wa kwanza lazima awe na mtu wa kumwangalia."

Rahab alizuia kicheko kwa kitambaa chake. Chifu akaita, "Bwana Muchiri, njoo utie sahihi." Lakini Muchiri alikuja mpaka mlangoni akasimama, maana chumba kilikuwa kimoja, na paa moja, na mama mkwe alikuwa ndani. Blanketi bado lilikuwa kwapani mwa Makokha, halikuwa limepokelewa.

Phelista aliinuka. Alitokea mlango wa nyuma, akazunguka jengo, na mkwe wake akaingia kwa mbele. Alifika dirishani wakati Muchiri anainama mezani. Alisimama hapo, mikono juu ya vyuma vya dirisha, akaangalia kalamu ikipita juu ya karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho wa jina, akaangalia mpaka ikarudi kwa chifu. Ndipo akaita ndani, pasipo kumtaja mtu:

"Shemeji, hilo blanketi unaweza kulileta sasa."